Mama Futi, fundi cherehani aliyeichukua sinema vipimo

Saa moja kasorobo asubuhi. Mzee mmoja mnene amesimama kwenye kibaraza cha sinema ya zamani, mikono kainyoosha pembeni, pumzi kaizuia. Mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba anamzunguka na futi ya kitambaa.

"Mzee wangu, pumua," anamwambia. "Ukinibania tumbo leo, suruali itakubana wewe siku ya harusi ya mwanao. Mimi nitakuwa nyumbani kwangu nimekaa raha mustarehe."

Mzee anacheka, na tumbo linarudi mahali pake. Futi inapita kiunoni, nyongani, mguuni. Mwanamke haandiki chochote mpaka amalize kupima, ndipo anafungua daftari na kushusha tarakimu saba mfululizo bila kupepesa macho.

Huyo ndiye Mama Futi. Jina lake la kwenye cheti analo, "lakini ukiliita hapa mtaani, hata mimi mwenyewe sitageuka," anasema.

Kwa miaka ishirini na miwili cherehani yake ya kukanyaga imekaa hapa, upande wa kushoto wa dirisha la tiketi, juu ya sakafu ya terazo ambayo imelainika kwa viatu vya watu waliozeeka na wengine waliokwisha kufa. Upande wa kulia anakaa jirani yake, Kinyozi, mtu wa maneno mengi na wateja wachache. Siku ikiwa nzuri, Mama Futi anapunguza suruali nane na kubadilisha zipu tano. Siku mbaya, anafumua na kushona tena mapazia yake mwenyewe ili watu wapitao wasimwone amekaa bure.

Alifika hapa na watoto watatu, wa mwisho akiwa bado ananyonya. Mumewe alikuwa amefariki miezi minne nyuma, na duka alilokuwa akishonea lilikuwa limefungwa wiki hiyo. Mvua ilimkuta barabarani na cherehani kwenye mkokoteni. Mlinzi wa sinema, ambaye sasa ni marehemu, akamwambia, "Mwanangu, iweke hapo mpaka mvua ikatike."

"Mvua ilikatika jioni ileile," anasema Mama Futi. "Mimi ndiye sikuondoka."

Msomaji asije akadhani huyu ni mpenzi wa filamu. Wapi! Amewahi kutazama mbili tu ndani ya jengo hili kabla halijafungwa miaka kumi na moja iliyopita, na ya pili alisinzia. Anachokipenda ni jengo lenyewe. Ukimpa nafasi atakushika mkono akuonyeshe pembe za mviringo zisizo na ncha hata moja, madirisha matatu ya duara juu ya mlango, na nguzo sita za mbele zinazopanda hadi kwenye kilele kilichopangwa ngazi ngazi.

"Aliyejenga hapa alijua kukata," anasema, na kwa fundi cherehani hakuna sifa iliyo juu ya hiyo. "Tazama pale kona inapogeuka. Huoni mshono. Mimi kola tu inanitoa jasho."

Basi mwaka jana mwenye jengo mpya akatundika bango. Lilionyesha uso wa vioo kutoka chini hadi juu. Nguzo hazimo, madirisha ya duara hayamo, na kibaraza chenyewe kimekuwa mahali pa kuegesha magari.

Pamoja na bango ilikuja ripoti ya mhandisi wake. Ripoti ilisema uso wa jengo umeinama nyuma kwa sentimita kumi na nne, ni hatari kwa wapita njia, na hauna budi kuvunjwa.

"Nilipoisoma, niliweka mkasi chini," anasema Mama Futi. "Nikajiambia, hapa mimi nimekwisha, na jengo limekwisha. Wote wawili siku moja."

Lakini alipiga moyo konde. Yeye, Kinyozi na wakazi wengine kumi na wanane wakaenda manispaa kuomba sinema iingizwe kwenye orodha ya majengo ya kihistoria yanayolindwa. Ofisa wa mipango miji, mwanamke mwenye sauti ya chini asiyependa maneno mengi, aliwasikiliza, kisha akawaambia: leteni michoro ya uso wa jengo yenye vipimo kamili. Michoro ya asili haikuonekana popote. Walipewa wiki sita.

Wakamwendea msanifu majengo. Alipotaja bei yake wakamshukuru kwa chai wakaondoka.

Ndipo akajitokeza Mwalimu, mstaafu aliyefundisha uchoraji wa ufundi kwa miaka thelathini. Akasema kuchora ataweza, mkono bado haujatetemeka, ila kuparamia kuta hawezi tena. Nani atamletea vipimo?

"Mimi nilikuwa nimeinama," anakumbuka Mama Futi. "Nikainua kichwa, naona watu wote wananitazama shingoni."

Shingoni, kama kawaida, ilikuwa imening'inia futi.

Hivyo kila asubuhi kabla ya wateja kuja akawa anaipima sinema. Aligawa uso wa jengo vipande thelathini na kimoja, kama anayetaka kuufumua na kuushona upya: nguzo, dirisha, ukuta, nguzo, mlango. Kila kipande alikiandika kwenye daftari lilelile la wateja. Wateja sita walichoka kumngoja wakahamia kwa fundi wa sokoni. Hakuwafuata.

Wiki ya nne michoro ikapelekwa. Siku ya tatu ofisa akawaita. Aliifunua mezani, akavua miwani.

"Mama," alisema, "kiwanja chenu kwenye rekodi kina mita ishirini na nne. Jengo lenu humu lina mita ishirini na nne na sentimita tisini na tatu. Limenenepa. Limeingia chumbani kwa jirani."

Watu wa mwenye jengo waliokuwa ofisini walicheka hadharani. Mmoja aliuliza kama wamempima na jirani pia.

Kwa siku mbili Mwalimu alihesabu upya bila kuona kosa. Siku ya pili jioni alipita kibarazani, kachoka, akakaa kwenye benchi la wateja. Mama Futi alikuwa anampima msichana sketi. Mwalimu aliona futi inasoma themanini. Akaona kalamu inaandika themanini na tatu.

"Mbona umeongeza tatu?" aliuliza.

"Nafasi ya mshono, Mwalimu. Sentimita moja na nusu kila upande. Nisipoongeza nitashonea hewa?"

Mwalimu aligeuka akazitazama nguzo. Kisha akauliza taratibu, kama mtu anayeogopa jibu: "Mama Futi… na ukuta?"

Alikuwa ameiongezea sinema nzima nafasi ya mshono. Vipande thelathini na kimoja, sentimita tatu kila kimoja. Miaka yote hiyo mkono wake haukuwahi kuandika kipimo kitupu, na hakuna aliyeuambia kwamba matofali hayashonwi.

"Nililia," anasema. "Nisikufiche, nililia mbele ya yule msichana na sketi yake. Niliona nimewaaibisha watu wote walioniamini."

Kinyozi naye, badala ya kumfariji, akamwambia: "Dada yangu, kama umeliwekea na nafasi ya kunenepa, tuambie mapema." Mama Futi anakiri kwamba ndipo alipocheka, na kucheka ndiko kulikomwinua.

Zilibaki siku tisa. Mwalimu alipendekeza njia ya mkato: watoe tatu kila mahali, mambo yaishe. Mama Futi akakataa katakata. Hakuwa na hakika kama mkono uliongeza tatu kila mara, na nguo aliyoitilia shaka yeye huifumua.

Akaanza upya. Mara hii aliamua kila kipande akipime mara tatu, chini, katikati na juu, kama apimavyo sketi ya pande, ile inayopanuka chini. Mara ya kwanza nguzo alizipima chini tu, akaamini kwamba juu ni vilevile. Aliazima ngazi kwa fundi rangi, na kwa kuwa hawezi kupanda na gauni, akajishonea suruali. Ilikuwa ya kwanza maishani mwake.

"Mimi naogopa urefu," anasema. "Hata stuli nikipanda nasali. Kinyozi alishika ngazi huku chini, ananisimulia habari za watu walioanguka. Mshenzi yule!"

Juu kabisa ya nguzo ya kwanza alinyoosha futi kutoka ukutani, akasoma, akanyoosha tena. Chini, nguzo ilikuwa imetokeza ukutani sentimita arobaini. Juu ilitokeza ishirini na sita. Akashuka, akahamia ya pili. Ishirini na sita. Ya tatu, ishirini na sita. Nguzo zote sita zilikuwa pana chini na nyembamba juu, na tofauti yake ilikuwa ileile.

Sentimita kumi na nne.

"Niliganda kule juu," anasema. "Kinyozi akadhani nimeshikwa na kizunguzungu, akaanza kuita watu. Kumbe mimi nimeelewa. Jengo halijainama popote. Limekatwa hivyo!"

Siku ya kikao, chumba cha kamati ya manispaa kilijaa hadi watu wakasimama dirishani. Mhandisi wa mwenye jengo alisoma ripoti yake. Mama Futi alipopewa nafasi alisimama na futi shingoni.

"Mhandisi, mwanangu, wewe kupima hukukosea," alisema. "Kumi na nne yako ni ya kweli, hata mimi nimeipata. Ila umepima nguzo ukadhani umepima ukuta. Sketi ya pande ni pana chini, nyembamba juu. Ukiiona imetundikwa utasema imeinama? Si imeshonwa hivyo?"

Watu waliangua kicheko. Ofisa hakucheka. Aliomba wajumbe wote watoke waende wakaone, kwani sinema iko mwendo wa dakika tano. Pale mbele ya umati Mama Futi alipanda ngazi yake akatundika uzi mrefu wa kushonea viatu, mwishoni kaufunga mkasi wake mkubwa wa chuma, ukaning'inia sambamba na ukuta katikati ya nguzo mbili. Mwalimu alipima umbali wa uzi kutoka ukutani, juu kisha chini. Ulikuwa sawasawa.

Mhandisi alipima na yeye. Akapima tena. Kisha akavua kofia.

"Uzi wangu niliushusha kwenye nguzo," alisema. "Ukutani sikuushusha. Ukuta huu umesimama wima."

Mama Futi bado anamsifu kwa hilo. "Mtu anayekubali kosa mbele ya kadamnasi, huyo nampunguzia suruali bure mpaka nife."

Waliporudi chumbani, na kabla ya kura, ofisa alisoma masharti. Mwenye jengo ataruhusiwa kubadilisha sehemu ya nyuma, lakini uso, kibaraza na dari ya ukumbi haviguswi. Akafika sharti la saba, akasita kidogo, akalisoma: kibaraza cha jengo linalolindwa kiwe wazi, na pasifanyike biashara yoyote juu yake.

Akawauliza waombaji kama wanayakubali masharti yote. Akaeleza kwamba likikataliwa moja, ombi linarudi mwanzo, na mwenye jengo yuko huru kuanza kuvunja.

Mwalimu aliinamisha kichwa. Wote walimtazama mwanamke ambaye hana mahali pengine pa kuweka cherehani.

Mama Futi alikuwa anakunja futi yake, taratibu, mpaka ikawa kiduara kidogo kiganjani.

"Andika tumekubali," alisema.

Wajumbe tisa kati ya kumi na mmoja wakapiga kura ya ndiyo.

Kinyozi hakusema naye siku tatu. Siku ya nne alimletea chai, akaketi kwenye benchi, akasema Mama Futi angeweza angalau kumwuliza yeye kwanza. "Ningekataa," aliongeza, "halafu ningejichukia." Wakanywa chai.

Wamepewa mpaka mwisho wa mwezi huu kuhama kibarazani. Wote wawili wamepata chumba kimoja ng'ambo ya barabara, kati ya duka la vifaa vya bomba na ofisi ya kupiga chapa, na watakigawa kwa pazia ambalo Mama Futi ameanza kulishona. Kodi si ndogo, na anajua kuna wateja watakaokuja kibarazani wakikuta patupu wageuke. Wanawe wamemwambia apumzike. Amewajibu kwamba atapumzika futi ikikatika.

Mzee mnene ameshaondoka, na Mama Futi anaifuta cherehani kwa kitambaa huku akiitazama ng'ambo. Mwandishi anamwuliza kama hana kinyongo na jengo lililomfukuza baada ya kuliokoa.

"Kinyongo cha nini?" anashangaa. "Miaka ishirini na miwili nimekaa hapa nimeligeuzia mgongo, natazama barabara. Uso wake nimeujua kwa vidole na futi tu. Kule mlango wetu unatazama huku moja kwa moja. Cherehani nitaiweka pale mlangoni, nikiinua kichwa, nalo hilo hapo. Sasa na mimi nitaliona."