Masikio ya Ng'ombe wa Tongoni

Mtu akikuletea sikio la ng'ombe lililofungwa kwenye jani la mgomba, humwambii aje kesho. Eliudi alilijua hilo kuliko mtu yeyote mjini Tanga, maana kwa miaka sita masikio yalikuwa yakimfuata kila alikokwenda: ofisini, kanisani, na mara moja hata kwenye harusi ya shemeji yake, ambako aliliweka sikio chini ya kiti mpaka wali ulipokwisha.

Alikuwa msaidizi katika ofisi ya mifugo. Sikio likifika, alilikata kwa wembe, akapaka tone la damu ya sikio hilo kwenye kipande cha kioo, akakitia dawa ya rangi na kukitazama kwa darubini. Ng'ombe aliyekufa kwa ndigana, ile homa inayoletwa na kupe, damu yake ilimwambia. Mkuu wake, daktari wa Kizungu ambaye kila mtu alimwita Bwana Daktari, alikuwa ametoa amri kwamba kila anayefiwa na ng'ombe alete sikio. Watu wakaleta. Eliudi alishangaa jinsi walivyotii, kwa sababu amri nyingine za ofisi hiyo hazikumsumbua hata mbuzi.

Kazi ya ofisi iliishia hapo, ila Eliudi hakuishia hapo. Alinunua daftari lake mwenyewe lenye jalada gumu, na kila sikio aliliandikia mstari: tarehe, ng'ombe wa nani, mwenyewe anakaa wapi, damu imesema nini. Hakuna aliyemtuma. Mchana alizunguka na baiskeli yenye mnyororo uliokatika kila Jumanne kama ulioapa, magoti yakamuuma, mgongo ukamuuma, na jioni akaketi na daftari lake macho yakifumba yenyewe. Waluteri wenzake kutoka milimani walipumzika baada ya kazi. Yeye alikuwa na masikio.

Baada ya miaka sita alichora ramani ya pwani, akatia alama nyekundu kila mahali palipokufa ng'ombe kwa ndigana. Wekundu ulijaa Mabawa na Tongoni. Huko Horohoro, mpakani kwenye barabara ya Mombasa, ambako kuna vichaka na nyasi ndefu na kila mtu angetegemea kupe wawe wengi, hapakuwa na alama hata mbili. Jambo hilo lilikuwa kinyume cha vitabu. Bwana Daktari alipoiona ramani alivua miwani, akaivaa tena, akasema, "Eliudi, hii ni kazi ya mtu aliyesoma."

Mwaka huo, hamsini na tano, ilikuja barua. Chuo cha Kampala kilikuwa na nafasi moja ya utafiti wa magonjwa ya mifugo, kwa msaidizi yeyote mwenye kazi yake mwenyewe ya kuonyesha. Miaka miwili ya masomo, maabara, walimu, na kurudi na cheti chenye jina lake. Sharti moja tu ndilo lililomsumbua: mwombaji awe hajatimiza miaka thelathini na tano. Wako watu ambao sharti la namna hiyo haliwapi taabu, wanajipunguzia umri kama wanavyojipunguzia ndevu. Eliudi alikuwa na cheti cha ubatizo cha Mlalo, na cheti hicho kilisema atatimiza thelathini na tano Machi ijayo. Ama mwaka huu, ama basi.

Bwana Daktari akaandika ripoti, akaambatanisha ramani, akasema itaondoka kwa posta ya Ijumaa. Akaongeza kwamba kwa ramani hiyo hiyo ameomba josho la kuogeshea ng'ombe lijengwe Tongoni. Eliudi alirudi nyumbani akiisukuma baiskeli pembeni, kwa kuwa mnyororo ulikuwa umekatika tena, wala hakujali.

Jumatano ya wiki ile alitumwa Horohoro kukagua ng'ombe wanaovuka mpaka. Alimaliza mapema. Akiwa anatafuta kivuli aliona mbele ya boma moja mtu amechuchumaa juu ya ng'ombe aliyekufa, kisu mkononi. Alikuwa mchungaji wa Kidigo, jina lake Safari, mtu mzima mwenye kifua chembamba. Alikata sikio la kushoto, akalipaka chumvi, akalifunga kwenye jani.

"Pole kwa msiba wa ng'ombe," Eliudi alisema. "Umefanya vyema kulikata mapema. Nipe, mimi ndiye mwenyewe."

Safari alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Wewe ndiye mwenyewe? Tangu lini?"

"Mimi ni wa ofisi ya mifugo. Masikio yote yanakuja kwangu."

"Labda yanafika kwako yakishatoka kwa mwenyewe," alisema Safari. "Hili nampelekea mwenye ng'ombe, aamini kwamba amekufa, sikumuuza wala sikumla. Hawa ni ng'ombe wa watu, Bwana Mifugo. Mimi nakunywa maziwa tu. Baba yangu alikuwa akipeleka masikio kabla ofisi yenu haijapata bati la kuezekea."

"Na mwenye ng'ombe huyu ni nani?"

"Bi Mize, yule Mpemba wa Tongoni."

Eliudi aliketi chini bila kutafuta kivuli. Bi Mize alikuwa daftarini mwake mara kumi na moja. Mara zote kumi na moja aliandika: Tongoni.

Aliuliza ng'ombe wa nani wengine wamo bomani. Safari akawahesabu kwa kidole, huyu wa fulani wa Mabawa, wale watatu wa mwenye duka wa Mabawa, yule mwekundu wa Tongoni. Na boma la jirani je? Vivyo hivyo. Wenye mali wanakaa mjini na ufukweni, ng'ombe wao wanakaa huku kwenye majani. Ndivyo ilivyokuwa, na kila mtu wa pwani alijua. Eliudi peke yake ndiye hakujua. Kwao milimani ng'ombe hulala ndani ya nyumba, upande mmoja watu, upande mmoja wanyama, na mwenye ng'ombe ni yule anayemsikia akicheua usiku. Haikumpitia akilini kwamba mtu anaweza kuwa na ng'ombe asiyemwona mwaka mzima.

Akakumbuka harufu. Masikio ya Tongoni yalifika yameanza kuoza, naye akawagombeza wenyewe kwa uvivu. Kumbe yalikuwa yametoka mbali.

Kesho yake alikwenda Tongoni akiwa bado na tumaini dogo, tumaini la mtu anayetafuta ufunguo mfukoni ambako ameshatafuta mara tatu. Bi Mize alikuwa kibarazani, kando ya makaburi ya kale ya mawe, akichambua mchele, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, mjane aliyekuja kutoka Pemba zamani na mumewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Hawakulishi huko ofisini?"

"Mama, ng'ombe wako wanalala wapi?"

"Kwa Safari, Horohoro. Wapi tena?"

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

Bi Mize aliweka ungo chini. "Uliniuliza ng'ombe wa nani, nikakwambia wangu. Hukuniuliza wanalala wapi. Ati we msomi mzima, hebu tazama hapa! Wangekula nini, mawe ya makaburi?" Akacheka mpaka machozi, kisha akaona uso wa mgeni wake, akaacha. "Kwani nimekuharibia jambo, mwanangu?"

"Hapana, mama. Nimejiharibia mwenyewe."

Jioni hiyo alimweleza mkewe. Kristina alikuwa amevumilia harufu ya masikio kwa miaka sita, na tangu barua ije alikuwa ameanza kukunja nguo za safari. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba Yudith," alisema, "huko Kampala kuna mtu anayeijua Tongoni?"

"Hakuna."

"Basi nani atajua? Nenda ukasome. Ukirudi na cheti chako utasahihisha mwenyewe."

Lilikuwa neno la busara, na Eliudi aliona kabisa kwamba ni la busara. Alikuwa amechoka kiasi kwamba angeweza kulikubali kwa kunyamaza tu. Alichokitaka katika maisha yake yote ni hicho, kukaa mbele ya darubini nzuri na mtu anayejua kumzidi, amwulize maswali. Lakini kulikuwa na josho. Josho lingejengwa Tongoni, kwenye ng'ombe wawili wa maziwa na makaburi ya kale, na kule Horohoro Safari angeendelea kupaka masikio chumvi.

"Ramani yangu ni ya watu, Mama Yudith," alisema. "Si ya ng'ombe."

Kristina alinyanyuka, akazitoa nguo sandukuni, akazirudisha kwenye kamba zake moja moja. Hakumkasirikia, na Eliudi alitamani angemkasirikia.

Ijumaa asubuhi alimkuta Bwana Daktari akifunga bahasha. Alimweleza yote akiwa amesimama. Mzungu yule aliiweka bahasha mezani.

"Ungeweza kungoja wiki moja," alisema.

"Ndiyo, bwana."

"Sahihisha. Itachukua muda gani?"

"Kila sikio nilirudie kwa mwenyewe, bwana, nimuulize ng'ombe alikuwa kwa nani. Kisha nikawatazame wachungaji. Mwaka, huenda na zaidi."

Wote wawili walijua maana ya mwaka. Bwana Daktari aliitoa ramani ndani ya bahasha, akamrudishia, na barua ya josho akaichana. Nafasi ile akaipata kijana wa mkoa mwingine. Machi ikaja, Eliudi akatimiza miaka yake, Kristina akapika wali wa nazi, wala hapana aliyetaja kitu.

Alianza upya na daftari jipya. Ilimchukua mwaka na miezi minne. Watu walimwona kichaa, anauliza habari za ng'ombe waliokufa zamani hata mafuvu yao yamekwisha. Ramani mpya ilipokamilika haikumshangaza mtu: wekundu ulikuwa Horohoro, palepale ambapo vitabu vilisema utakuwa. Haikuwa na jambo geni la kumpeleka popote. Josho likajengwa huko, na Safari akawa anakwenda Tongoni mara chache zaidi.

Mwaka wa hamsini na saba, yule kijana aliyepata nafasi aliletwa Tanga kwa utafiti wake juu ya ndigana. Aliitwa Laurenti, mpole, mwenye soksi nyeupe na kalamu mbili mfukoni. Eliudi alipewa kazi ya kumwongoza. Alimbebea sanduku la darubini, darubini nzuri kuliko zote alizowahi kuziona, akamfikisha mpaka bomani kwa Safari, ambaye siku hiyo alikuwa na sikio mkononi.

Laurenti akafungua daftari lake jipya, akapiga mistari, akauliza, "Ng'ombe huyu ni wa nani?"

"Wa Bi Mize wa Tongoni," alisema Safari, akamtupia Eliudi jicho.

Laurenti akaanza kuandika. Eliudi aliiona ile herufi ya kwanza ikiandikwa. Mwache, moyo ulimwambia. Mwache naye aandike miaka sita. Aliliweka sanduku chini polepole kwa ajili ya mgongo wake.

"Usiandike Tongoni," alisema. "Muulize ng'ombe alilala wapi."

Laurenti aliuliza, akajibiwa. Akafuta, akapiga mstari mwingine ukurasani na kuuandikia juu yake: alipolala. Akainua uso, na shukrani aliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli.

"Ahsante sana, mzee," alisema. "Hilo lingeniponza."

"Haya," alisema Eliudi, akainama kulichukua sanduku. Alikuwa na miaka thelathini na sita.