Mti Ulionyweshwa Mara Nne kwa Siku

Enzi zetu, sisi tuliokulia milimani kule juu ya Gonja, hakuna mtoto aliyeulizwa kama anapenda makande ya mahindi na maharage. Yalikuwepo jikoni kama mafiga yalivyokuwepo. Yalichemka tangu asubuhi, na ukitoka shule unayanusa kabla hujaiona nyumba. Ya kwetu usingeweza kuyachanganya na ya jirani yeyote, kwa sababu mama yetu aliyatia majani mawili makavu ya mti wake.

Majani hayo leo yanauzwa madukani Same kwenye vipakiti. Vijana wanayaita beilifu na kuyatia kwenye pilau. Wakati ule hakuna mtu kijijini aliyeyajua. Mama alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni ya misheni, na muuguzi mmoja wa kigeni alipokuwa anarudi kwao alimwachia mche usiozidi urefu wa kiganja. Mama aliupanda kwenye debe la mafuta ya kupikia, akalitoboa chini kwa msumari wa moto, akaliweka juu ya mawe karibu na mlango wa jiko. Sisi watoto tuliupa jina letu: mti wa makande.

Hakuupanda ardhini, na alikuwa na sababu. Nyumba tuliyokaa na shamba tulilolima vilikuwa vya baba mkubwa, kaka yake baba, aliyekuwa amehamia Makanya. Kwetu mtu akikuazima shamba, unapanda mahindi na maharage, vitu vya kuvuna na kuondoka. Ukipanda mti, umeshasema hapa ni pangu, na sisi Wapare kesi ya shamba hatuichoki. Kwa hiyo mti wa mama ulikaa debeni, tayari kuhama siku yoyote tutakayoambiwa tuhame.

Mama aliutunza kama mtu. Kila baada ya siku kadhaa aliingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, aliuacha. Kikitoka kikavu, aliumwagilia. Wadudu wadogo wa kahawia wakijibandika chini ya majani, aliwafuta mmoja mmoja kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Alichuma majani ya zamani tu, yale magumu, akayaanika kivulini kwenye ungo hadi yakauke, kwa sababu mabichi yalikuwa machungu. Na kwa kuwa jani lenyewe haliliwi, tulikuwa na mchezo: atakayelikuta kwenye sahani yake anaosha vyombo. Ungetuona tulivyokuwa tunachambua makande punje kwa punje! Mdogo wangu Mbonea alikuwa fundi wa kulisukumia kwa mwenzake huku anaomba sala ya chakula, macho yamefumbwa nusu.

Baba alitangulia, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa na miaka kumi na minne, niko darasa la sita. Chini yangu alikuwa Mbonea, halafu Nanzia, halafu kitinda mimba wetu Eliya, ambaye hata kufunga vifungo vya shati alikuwa bado anajifunza. Baada ya mazishi wazee walikaa, wakatugawa. Mbonea aende Makanya kwa baba mkubwa, Nanzia aende Ndungu kwa shangazi, mimi na Eliya twende kwa mama mdogo.

Nilimfuata baba mkubwa nje. "Shikamoo, baba mkubwa. Niachie wadogo zangu. Shule nitaacha, nitalima."

"Marahaba. Wewe mwenyewe mtoto, utalea nani?"

"Nijaribu tu mpaka mavuno."

"Haya. Mavuno nakuja mwenyewe. Nikikuta mambo hayaendi, nawagawa siku hiyohiyo, na sitaki kilio."

Basi nikaweka madaftari darini, nikashika jembe. Msinionee huruma, kulikuwa na raha yake. Ninyi wa rika langu mnajua: kwenda kuokota kuni mnaimba, kurudi mmebeba mizigo mnasukumana kwenye mteremko. Tulikula, tulicheka, nguo zilifuliwa Jumamosi, na Jumapili tuliingia kanisani wanne kwa mstari, Eliya amepakwa mafuta mpaka anang'aa kama sufuria jipya.

Tatizo likawa mti. Nilipanga zamu za kuumwagilia, leo wewe, kesho yule. Lakini sisi tulikulia kwenye mfereji na ndiva, lile bwawa la kijiji la kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba, na mtoto wa pale anajua jambo moja kuhusu zamu ya maji: ukisinzia, mwenzako ameshaichukua. Asubuhi kelele zikaanza.

"Eliya, zamu yako imepita, ulikuwa bado unakojoa kitandani!"

"Mwongo! Dada, mwambie Mbonea ni mwongo!"

Kila mmoja alitaka kuwa ndiye aliyeutunza mti wa mama, na kila mmoja alidhani wenzake wameusahau. Nikaona majani yanageuka manjano. Nikajiambia, hawa wadogo hawamwagilii. Nikawa nauongezea maji alfajiri kabla hawajaamka. Majani yakazidi kuwa manjano, nami nikazidisha maji.

Baba mkubwa alifika wiki ya kuvuna, na fimbo yake na mfuko wa chumvi. Alikagua ghala, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alitazama masikio ya Eliya, masafi. Nikaanza kupumua. Kisha akafika mlango wa jiko, akasimama mbele ya debe. Mti ulikuwa umebaki vijiti na majani machache yanayoning'inia.

"Huu mti wa mama yenu mmeufanya nini?"

Niliona kila kitu kimeharibika. Aliyeshindwa kutunza mti mmoja, nani atamwachia watu watatu?

"Ni mimi, baba mkubwa," nikasema. "Niliumwagilia kila alfajiri, na bado unakufa. Wadogo zangu hawana kosa."

"Dada anadanganya," Mbonea akadakia. "Ni mimi. Naumwagilia kila siku kabla ya kwenda shule."

"Hata mimi," akasema Nanzia, machozi yanamtoka. "Kila nikirudi."

Eliya akajipenyeza mbele yetu. "Na mimi jioni. Lakini mimi kwa kikombe tu!"

Baba mkubwa alitutazama mmoja baada ya mwingine. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akakaa chini. "Mara nne kwa siku! Jamani, hata mpunga wa Ndungu haunywi hivyo!"

Aliposhiba kicheko aliliinamisha debe, akautoa mti. Matundu ya chini yalikuwa yamezibwa na tope, mizizi imekuwa myeusi na inanuka. Aliikata iliyooza, akabakiza myeupe. Tulisubiri aurudishe debeni. Badala yake alichukua jembe langu, akaanza kuchimba kando ya jiko.

Nikamshika mkono. "Baba mkubwa, huo ni mti."

"Naona ni mti, nina macho." Akaendelea kuchimba. "Sasa nimgawe nani hapa? Nikimpeleka mmoja Makanya, hawa wengine watamfuata kwa miguu na ndoo mkononi."

Akaupanda, akakanyagia udongo kwa kisigino chake mwenyewe. Mimi nilikimbilia nyuma ya jiko nikalia kilio alichonikataza.

Mti uliduwaa mpaka mvua zilizofuata, ndipo ukatoa majani mapya. Baadaye ulichipua machipukizi shinani, na kila mdogo wangu alipoondoka kwenda kuanza maisha, nilimng'olea moja lenye mizizi yake.

Mimi sasa nakaa Same mjini. La kwangu liko kwenye ndoo ya plastiki, chini nimetandika kokoto, na kiangazi nalisogeza barazani lisiungue na jua. Binti wa Nanzia alinitembelea juzijuzi, akasema mti anaotunza kwao una kengele kwenye simu. Ikilia, anamwagilia. Nikamwuliza, na simu ikiisha chaji? Akasema, "Mama mkubwa, basi nao unasubiri." Watoto hawa hawajawahi kuua mmea kwa maji. Makande yenyewe wanachagua maharage na kuacha mahindi.

Zamani tulikuwa wanne na mti mmoja. Leo tuna miti minne na simu nne, na kupatana siku ya kuonana mpaka tuulizane mwezi mzima. Ila Krismasi wanakuja wote. Wakati wa kuondoka kila mmoja anapita barazani, anachuma kidogo kidogo akidhani simwoni, ingawa kwake anao. Januari mti wangu unabaki kipara. Jirani huniuliza kama umeingiliwa na mbuzi. Namjibu ndiyo, mbuzi watatu, na ningependa waje kila wiki.