Kilio cha Barabara

Siku niliyomwona Mama Kabedi kwa mara ya kwanza, alikuwa amesimama ndani ya korongo mbele ya nyumba yangu, ameshika mchi wa kutwangia. Ilikuwa Agosti 1991, wakati wa kiangazi. Aliusimamisha ule mchi chini, akatazama ukingo umeufikia wapi, akaweka alama kwa kipande cha mkaa. Kisha akaniona mlangoni.

"Papa, unaitwa nani?"

"Isidore."

"Papa Isidore, mwaka ule mwingine shimo hii ilifika wapi?"

Nilimwonyesha goti langu. Sasa korongo lilikuwa linamfika yeye kifuani. Akasema, "Basi mvula ikikuya, tutalala inje."

Alikuwa amehamia mtaani wiki ile pamoja na mume wake Tshimanga, fundi wa reli. Mimi nilikuwa nimekaa pale Shituru, mtaa wa mji wa Likasi, miaka kumi na minane, na nilikuwa sijawahi kushuka ndani ya korongo lile hata siku moja.

Mimi si mtu wa maneno. Nilisoma shule ya msingi tu, na kazi yangu kiwandani ilikuwa kushona midomo ya magunia. Mtu anaweza kushona kutwa bila kufungua kinywa. Mwaka ule kazi ilikuwa imesimama, tukabaki nyumbani tukitazama barabara inavyoliwa. Waliokuwa wakisafisha mifereji hawakuja tena. Mifereji ikajaa taka, na maji yakajitafutia njia katikati ya barabara. Nyumba iliyokuwa ukingoni kabisa mwa korongo ilikuwa ya Élisabeth, mjane. Choo chake kilikuwa kimeshaporomoka. Baada yake Kabedi, baada ya Kabedi mimi.

Kabedi alipita mlango kwa mlango akiomba watu tujaze korongo kwa magunia ya udongo kabla ya mvua. Walimcheka. Papa Augustin, mzee wa ng'ambo ya barabara mwenye mdomo mkali, alimwambia, "Mama, hiyo ni salongo. Salongo ilikufa na Parti." Kwa miaka mingi watu wa chama walikuwa wakitugongea milango kila Jumamosi, kutupeleka kufagia na kulima kwa nguvu. Ile kazi ya bure waliiita salongo, na hakuna aliyetaka kuisikia tena.

Mwisho wa Septemba alikuja kwangu.

"Papa Isidore, unikatie matawi mane ya majani mengi. Kesho asubuhi uweke mawili huku mwanzo wa barabara, mawili kule."

Kwetu matawi barabarani yana maana moja tu: kuna kilio. Nilimuuliza nani amekufa. "Kesho utajua," akasema. Mtu mwenye mdomo angekataa. Mimi niliyakata, nikayaweka alfajiri, nikarudi ndani na kufunga mlango. Nilichungulia dirishani, nikamwona akitandika mikeka kando ya korongo, amejifunga kitambaa cha kilio kichwani.

Watu walikuja, kwa sababu kwenye kilio huja hata wasiosalimiana. Wanawake walileta maji na unga, wanaume wakaleta kuni. Augustin alikuja na gogo zima begani.

"Pole, mama. Nani alikufa?"

"Barabara."

"Ninauliza muntu."

"Na minye ninakujibu. Ilikuwa barabara, sasa iko shimo. Mvula ikikuya, itamufuata Élisabeth. Halafu minye. Halafu Papa Isidore. Weye utakuwa wa ine."

Augustin alikasirika kweli kuona kifo kinachezewa. "Lufu haiko mchezo, weye mwanamuke! Ulie peke yako." Wengine nao wakaanza kuinuka. Mwanamke mmoja alisema Kabedi ametuletea mkosi. Mimi mlangoni nilirudi hatua moja ndani, maana matawi yalikuwa yangu.

Ndipo Élisabeth akaja polepole, akaketi kwenye mkeka, akanyoosha miguu. "Minye ninaikala," akasema. "Mujue, njo minye wa kwanza."

Augustin alikuwa amegeuka kwenda kwake, gogo bado begani. Hatua chache akasimama. Kuni zilizokwenda kwenye kilio hazirudi nyumbani. Ukizirudisha, unakiita kifo kwako. Alitazama gogo, akatazama nyumba yake, akatazama watu wanaomtazama. Kisha akalitupa chini kwa kishindo.

"Sawa. Na huyu mufu wenu, munamuzika na nini?"

Watu wakacheka. Hata yule wa mkosi alicheka.

Kilio chetu ni siku tatu, basi tulifanya kazi siku tatu. Kila nyumba ilileta magunia yake ya zamani. Vijana walichimba udongo, wanawake wakajaza, na Kabedi akaniletea sindano yangu bila kuniuliza, akanikalisha kwenye mkeka katikati ya watu wote. Nilishona magunia mia mbili na zaidi. Watu walipita wakiniambia, "Aksanti, Papa Isidore," na mimi nikajibu kila mmoja. Tukapanda matete kandokando.

Mvua zilikuja kubwa. Hakuna nyumba iliyoanguka. Kabedi alishuka kila Jumatatu na mchi wake, na kila gunia lililopasuka aliniita.

Mwaka uliofuata likaja neno la wakubwa wa siasa kwamba watu wenye asili ya mkoa wa Kasai warudi kwao. Wazazi wa Kabedi walitoka huko, lakini yeye alizaliwa hapahapa Likasi. Kasai alikuwa hajaiona. Tuliojaza naye magunia, wengine walinyamaza, na mimi ni mmoja wao. Siku aliyobeba vitu vyake kwenda gare, kituo cha treni, nilikuwa ndani.

Walikaa kule wiki nyingi wakingoja treni, maelfu ya watu juu ya mizigo yao. Mwezi wa Novemba nikajikaza, nikaenda na unga kidogo. Nilimkuta karibu na reli, amekonda, ameketi juu ya godoro lililokunjwa. Tshimanga alikuwa amelala pembeni na homa. Nilitaka kumwambia kwamba nina aibu. Nilitaka kumwambia kwamba nyumba zetu bado zimesimama kwa sababu yake. Niliweka unga chini tu. Upande wa Kamatanda mawingu yalikuwa yamekuwa meusi. Aliyatazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Enda ku nyumba, Papa Isidore. Pale kwa Élisabeth gunia mbili iko wazi, na minye sitafika."