Reli ya Mianzi Matambarale

Adinani Mbaruku aliporudi Matambarale mwaka 1953, baada ya miaka mitano ya kutandika reli na kushika breki kwenye mabehewa ya Nachingwea, mkewe Zuena alimtengea maji ya kuoga na hakumuuliza neno. Mradi wa karanga wa wakoloni, ulioleta reli hiyo, ulikuwa umenywea, wafanyakazi wamepunguzwa, na mgongo wa Adinani ulikuwa umekakamaa kwa kunyanyua vyuma. Alishika jembe kama wanaume wengine. Zuena akashukuru.

Mwaka uliofuata, ufuta ulipokwisha kuvunwa, walikuwa wakila ugali wa mtama kwa kisamvu, Adinani akaweka tonge chini.

"Mama Mwantumu, nakiomba kile chumba cha nyuma."

"Cha ufuta?"

"Hicho hicho."

Zuena alinawa mkono taratibu. Binti yao Mwantumu alikuwa ameshaolewa Mbwemkuru, nyumba ilikuwa na watu wawili tu, na mwanamume anayetaka chumba cha pili anajulikana anataka nini. "Kama umepata mke, sema. Usizunguke."

Adinani alicheka mpaka akaushika mgongo. "Mke wa nini? Nataka kujenga reli."

"Ndani ya nyumba?"

"Ndogo. Ya mianzi. Ile yote, kutoka Nachingwea hadi bandarini Mkwaya."

Zuena alimtazama usoni, hakuona mzaha. Akasema, "Basi anza kwa kujenga pa kuweka ufuta wangu."

Haikuchukua mwezi, ghala dogo lilikuwa limesimama uani juu ya nguzo nne. Zuena akalikagua chini na juu, akaupandisha ufuta wake. Chumba kikawa cha Adinani.

Alikishughulikia kama mtu anayesubiri mgeni mkubwa. Nyasi za paa zilikuwa zikimwaga vumbi, akatandaza majamvi chini ya paa, akayashona kwa kamba. Dirisha lilikuwa upande wa jua la alasiri, akaliziba na kutoboa jingine upande wa kaskazini, mwanga uingie bila joto. Mlangoni aliweka ubao wa kufika magotini kuzuia kuku. Miguu ya meza aliisimamisha ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari, maana mchwa wa Matambarale hawana simile.

Zuena alikuwa akipita na mtungi wake, akichungulia. Siku moja alimkuta mumewe amejikunja juu ya meza, jasho linamtoka.

"Hiyo meza ni fupi. Huo mgongo utakatikia humo. Inyanyue ifike kifuani, ufanye kazi umesimama."

Adinani akainyanyua. Wiki ile ile Zuena akachota udongo mweupe kutoka bondeni, akasiriba kuta mwenyewe, kisha akashona mto wa usufi wa kukalia kigodani anapopumzika. Alijiambia ni kwa sababu ya mgongo tu.

Kaka yake Seleman alikuja kumsema. "Dada, watu wanacheka. Shemeji anacheza kama mtoto."

"Na wewe bao unalocheza kutwa nzima, ni ibada?"

Seleman akaomba maji ya kunywa, akaenda zake.

Reli ilizunguka kuta tatu. Mianzi ilipasuliwa ikalainishwa kwa kipande cha chupa, mataruma ya kulalia reli yakawa vijiti vya mninga, magurudumu yakachongwa kwa mpingo, na mabehewa yakawa makopo ya samaki. Injini haikuwa na moto wala mvuke. Adinani alikuwa ameipa reli mteremko, Nachingwea juu karibu na dirisha, Mkwaya chini karibu na mlango, hivyo treni ukiiachia inashuka yenyewe. Siku ya kwanza ilianguka mara tatu kwenye kona. Akachonga, akapima, akachonga tena. Mara ya nne ilishuka ikikwaruza kwa sauti nyembamba mpaka Mkwaya, ikagota.

"Imefika!" Zuena alisema, na akashangaa kujisikia.

Adinani akaanza kumwonyesha: hapa stesheni ya Mtama, hapa tulipigwa na mvua, hapa mwenzetu Fransisko alikimbizwa na nyuki. Zuena alifuata kidole chake, halafu akauliza swali alilolala nalo miaka mingi.

"Siku tuliyomzika Swaumu, ulikuwa wapi hapa?"

Swaumu alikuwa kitinda mimba wao. Homa ilimchukua mwaka 1950, akiwa na miaka mitatu. Habari ilipelekwa kwa lori, ikamfikia baba yake siku ya tisa, matanga yamekwisha.

Kidole cha Adinani kikapita Mtama, kikasimama kwenye kalavati dogo la udongo.

"Hapa. Maji yalikuwa yamekula tuta, tukawa tunanyanyua reli. Nilihesabu siku baadaye, habari iliponifikia. Reli hainyanyuliwi kimya, Mama Mwantumu. Watu huimba wapate kuvuta pamoja. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza. Mnamzika mwanangu, mimi naimba."

Zuena alitoka, akachukua mchi, akatwanga mtama mpaka mikono ikachoka. Siku mbili hakukanyaga chumba kile, na Adinani hakumwita.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, Zuena aliingia na kigoda chake mwenyewe na ukili wa kusuka mkeka. Akakaa chini ya dirisha.

"Hukujua," alisema bila kumtazama. "Mtu halii msiba asioujua. Mimi nilidhani ulijua siku ile ile, ukakaa."

"Ningejua siku ile ningekuja kwa miguu."

"Sasa nimesikia."

Wakakaa hivyo, mmoja anachonga, mwingine anasuka. Tangu siku hiyo Zuena akawa anashinda humo nyakati za jua kali. Majirani walipomuuliza anafuata nini kwenye mchezo wa wanaume, aliwajibu kwamba nyumba nzima haina mahali penye ubaridi kama pale. Na ilikuwa kweli. Mwantumu alipokuja kujifungua mwaka 1956, mama yake alimtandikia humo humo, akamwamuru Adinani asiguse treni mpaka arobaini iishe.

Adinani alilalamika kidogo, akatii.