Kombe la Wasiolipwa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ukumbi wa barafu hapa Johannesburg, nilikwenda na ndala. Nilikuwa nimetoka Tanga, na barafu niliyoijua ni ile ya kupozea samaki. Fundi Mkuu, Mzulu mpole, alinitazama miguu, akaniletea buti zake za akiba. Ndipo akanionyesha mabomba ya maji ya chumvi yapitayo chini ya uwanja, yakipozwa na kompresa. Juu yake tulinyunyiza maji tabaka kwa tabaka, mpaka yakaganda kama sakafu.

Ukumbini palikuwa na kombe la fedha la hoki ya barafu. Tajiri mmoja wa zamani alilitoa kwa wachezaji wa ridhaa, yaani wasiolipwa kucheza, na akaweka sharti kwamba timu inayolishika isikatae kamwe changamoto. Yeyote aliyelitaka alicheza na wenye nalo mchezo mmoja tu, na mshindi akaondoka nalo. Sharti hilo nililipenda. Mnyonge naye alikuwa na mlango wa kubisha hodi.

Kasongo, Mkongo wa Lubumbashi, aliajiriwa baada yangu ili afagie majukwaa. Mchana, ukumbi ukiwa mtupu, aliazima viatu vya kutelezea akajifunza. Alianguka mno. Mwishowe akawa kipa wa timu ndogo ya mafundi magari, nao wakalitolea kombe changamoto. Siku ya mchezo walishambuliwa tangu mwanzo, lakini Kasongo hakupitika, na wakashinda kwa bao moja. Nilimwona akilia nyuma ya wavu wa kofia yake.

Walioshindwa wakalalamika kwamba Kasongo analipwa na ukumbi, basi si mchezaji wa ridhaa. Kamati ya kombe ikatuita.

“Balinilipa juu ya kufagia,” Kasongo alisema, “hapana juu ya kucheza.”

Nami nilieleza hivyohivyo, ila neno lililongojwa lilikuwa la Meneja, aliyetuajiri sote. Akaulizwa kama mshahara ule ulihusu mchezo. Akatazama meza.

“Mimi naendesha ukumbi,” alisema. “Mambo ya kombe ni yenu.”

Kombe likarudishwa kwa wale wa mwanzo. Fundi Mkuu aliniambia baadaye kwamba Meneja alijua ukweli, lakini aliogopa kuwaudhi wale walioshindwa, wateja wake wakubwa.

Kasongo aliacha kazi mwezi uleule. Kamati nayo ikabadili sharti, kombe likawa la timu zilizoalikwa tu. Waalikwa wakapungua mwaka hadi mwaka, mpaka likabaki kabatini, mimi nikilipangusa vumbi. Ukumbi ulipofungwa nilistaafu, na sijui lilichukuliwa na nani.

Sasa nakaa mtaa wa Mayfair, hapahapa Johannesburg. Kazi ile niliipenda, wala sijutii baridi iliyoniharibu magoti. Ninachojutia ni mchezo uliokufa kwa kuogopa wageni.

Juzi nilipeleka kanzu kupunguzwa kwa fundi cherehani mmoja wa mtaa wa Hillbrow, nikamkuta ni Kasongo. Tulikumbatiana. Binti yake aliniletea chai, nikamwambia kwamba sijapata kuona kipa kama baba yake. Binti akacheka, akamwuliza kwa Kiingereza kama ni kweli.

Kasongo hakuinua macho kwenye cherehani. Alimjibu kwamba mzee huyu anamfananisha na mtu mwingine.