Sufuria za daraja la kwanza kutoka duka la kiwandani, na wakwe zangu waliokaribia kuondoka na njaa

Wakuu, asalaam aleikum.

Kabla sijaanza, naomba tutenge mambo mawili. Yapo niliyoyaona kwa macho yangu, na yapo niliyoambiwa. Niliyoyaona nitayaeleza kama yalivyokuwa. Niliyoambiwa nitamtaja aliyeniambia, ili lawama zimfuate mwenyewe.

Najua humu jukwaani utaratibu ni kinyume chake. Mtaniwia radhi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Wenye umri wangu mnakumbuka: leo duka la ushirika hapa Kibiti lilikuwa na chumvi, viberiti na muuzaji aliyesinzia, kesho yake kila mtu ni mfanyabiashara na kila kitu ni cha kisasa.

Binti yangu Zaituni alikuwa anaolewa Salale, kule kwenye mikoko ya delta. Wakwe wangekuja kwa boti hadi Nyamisati, kisha kwa lori hadi kwetu. Ndoa ifungwe, wale, waondoke na bibi harusi kabla maji hayajatoka.

Asiyeijua delta aelewe hivi: maji yakitoka, boti inakaa kwenye tope, na abiria wanakaa na mbu mpaka maji yarudi. Kwa hiyo chakula kikichelewa, wageni ama watalala topeni ama wataondoka na njaa. Na wageni wa harusi wakiondoka na njaa nyumbani kwa bibi harusi, binti huyo atasimangwa huko aendako mpaka apate wajukuu.

Hilo ndilo lililomnyima usingizi mke wangu, Mama Zaituni. Juu ya hilo, sufuria yetu kubwa ilikuwa nyeusi, imezibwa kiraka kitakoni, na aliona aibu wakwe waione.

Hapo ndipo alipotokea Athumani, mdogo wake mke wangu. Mwenyezi Mungu alimjalia kipaji cha kusikia. Alikuwa amesikia kwamba kiwanda kimoja Dar es Salaam kimefungua duka getini kwake, kinauza sufuria za daraja la kwanza, zile za kupelekwa nje, kwa bei ya kiwandani.

"Shemeji, zile haziunguzi," aliniambia. "Hata ukizisahau motoni, zinakusubiri."

"Umeziona?"

"Nimeambiwa na mtu aliyeziona."

"Yuko wapi mtu huyo?"

"Amesafiri."

Mashahidi wa Athumani, wakuu, walikuwa watu wa safari sana.

Tulikwenda sote watatu. Duka lilikuwepo, hilo nathibitisha. Sufuria nazo zilikuwepo, nzito, zinang'aa kiasi cha mtu kunyolea ndevu mbele yake. Mifuniko ilikuwa imebinuka kama kuba, na juu yake kishikio cheusi cha plastiki ngumu.

Nikamwambia muuzaji, kijana aliyevaa tai, kwamba mimi sinunui maneno, naomba kuona. Hakubisha. Aliigeuza sufuria juu chini, akavua viatu, akapanda na kusimama juu yake. Haikubonyea.

Ushahidi ule ulijitosheleza kabisa, isipokuwa kwetu Kibiti hatuna desturi ya kusimama juu ya sufuria.

Mke wangu akaugeuzageuza mfuniko mkononi. "Mwanangu, makaa yanakaa wapi hapa?"

"Makaa ya nini, mama?"

"Ya kupalia."

Kwa mliozaliwa na jiko la gesi: wali wetu ukishakauka maji, moto hupunguzwa chini na makaa huwekwa juu ya mfuniko, ili uive kwa juu pia. Wali usiopaliwa, kwetu, ni uji uliokosa adabu.

"Mama, hii ni ya kitaalamu," kijana alijibu. "Mvuke wenyewe unafanya kazi yote."

Mke wangu akaanza kuurudisha mfuniko. Athumani akaingilia.

"Dada, Ikwiriri wanazo hizi na wanapalia kama kawaida. Hii siyo plastiki ile ya ndoo. Haishiki moto."

"Nani kakwambia?"

"Watu wa Ikwiriri."

Sasa mji mzima umekuwa shahidi. Mke wangu akanitazama. Nikamwambia nilichokiona ni kwamba sufuria haibonyei. Kuhusu makaa sina taarifa. Akafikiri kidogo, nadhani kuhusu kile kiraka. Akachukua mbili.

Siku ya harusi, sufuria mpya zilipangwa uani mahali ambapo wakwe wasingeweza kukwepa kuziona. Ile ya kiraka ilifichwa nyuma ya jiko, ikipika wali wa watoto, majirani na sisi wenyeji. Ndoa ikafungwa salama. Wageni wakakaa mkekani wakinusa nazi.

Makaa yakawekwa juu ya mifuniko, yakavizunguka vishikio.

Mwanzoni hapakuwa na neno. Kisha ikaja harufu ya kandambili iliyoangukia motoni.

"Athumani, hebu njoo unuse," mke wangu akaita.

Akanusa. "Rangi hiyo, dada. Ya mara ya kwanza. Itaisha."

"Itaisha iende wapi?"

Ilikuwa inakwenda chini. Vishikio viliinama taratibu kama watu wanaosinzia kwenye hotuba ya mkuu wa wilaya, vikayeyuka, na penye tundu la skrubu plastiki ikadondokea ndani. Mifuniko ilipofunuliwa, juu ya wali mweupe palikuwa na nyuzi nyeusi.

Jirani yetu Bi. Tatu akachungulia. "Mama Zaituni, wali wako umeota nywele."

Mke wangu akaurudisha mfuniko.

Wakati huohuo ami yake bwana harusi akanijia barazani. "Mwalimu, hatukuharakishi. Ila maji ya Nyamisati hayana urafiki na mtu."

"Chakula kipo jikoni," nikamjibu. Hiyo ilikuwa kweli tupu. Hakuniuliza kiko katika hali gani.

Mke wangu hakulia wala hakugomba. Alisema tu, "Leteni ile ya nyuma."

Ikaletwa mbele ya macho ya Salale nzima, na kiraka chake, na mfuniko wake bapa wenye makaa. Wali ulikuwa umeiva. Masinia yakajaa, wageni wakala wakashiba. Watoto, majirani na baba wa bibi harusi tulikula mihogo ya kuchemsha. Athumani akasema amesikia mihogo ni chakula bora. Sikumuuliza kwa nani.

Funzo langu ni hili. Muuzaji atakuonyesha jaribio analoliweza yeye. Wewe mtake akuonyeshe jambo utakalolifanya nyumbani kwako, kwa moto wako.

Aliyewahi kupalia kwenye sufuria za namna ile kwa mikono yake, zikastahimili, aandike hapa chini. Nitamsoma kwa heshima. Aliyesikia tu, apumzike.

Mtaniuliza kama boti iliwahi maji. Athumani alisema iliwahi. Mimi sikuwepo Nyamisati.

Ninachoweza kuapia ni hiki. Lori lilipowashwa, bibi yake bwana harusi aliinama kutoka juu akamwambia mke wangu, "Mkwe, ukoko mmeuficha wapi?"

Mke wangu akakimbia jikoni, akarudi nao kwenye jani la mgomba. Bibi akaupokea kwa mikono miwili. Lori likaondoka. Lilipokuwa linapinda kona, nilimwona Zaituni amekaa ubavuni pa bibi yule, naye amemegewa kipande, anatafuna.