Mama Kesho na Sare Sitini za Ijumaa

Saa mbili asubuhi, Alhamisi, mwanamke mmoja anaingia kwenye kibanda cha fundi cherehani na kitambaa cha zambarau begani. Salamu hazijaisha, keshakikunjua juu ya meza ya kukatia.

"Wifi, nakitaka Jumamosi. Mwanangu anahitimu, siwezi kwenda na nguo iliyochoka."

Fundi hatoi mguu kwenye pedali. Ananyoosha kidole ukutani, penye misumari ishirini, na kila msumari umebeba sare tatu za shule.

"Unaona mwenyewe, wifi yangu. Ukuta umejaa. Jumatatu nakupokea kwa mikono miwili."

"Mimi nipange foleni? Mimi niliyekushikia mwavuli siku ya harusi yako?"

"Na uliushika vizuri, Mungu akubariki. Lakini msumari sina."

Wifi anakusanya kitambaa chake, anasonya, anatoka. Fundi anashusha pumzi. "Inauma," anasema. "Huyo ndiye wifi ninayempenda kuliko wote."

Kilichomtia ugumu ni hizo sare. Kesho saa nane mchana anatakiwa awe amefikisha sitini katika shule iliyo nyuma ya soko. Akifika nazo, mwakani atashonea shule nzima. Akichelewa, kazi anapewa mwingine, na asirudi tena kuomba.

Mtaani wanamwita Mama Kesho, na jina hilo hakupewa bure. Mafundi na "njoo kesho" ni chanda na pete, tena yeye alivuka mpaka. Kila kitambaa alikipokea, akihofia mteja asije akaenda kibanda cha jirani.

"Mteja akitokea, mimi naona chakula cha watoto," anasema. "Nasema ndiyo, halafu namkimbia. Kuna siku nilijificha chini ya meza hii hii. Mama wa watu akaja akaikalia, akanisubiri nusu saa!"

Msaidizi wake, dada mcheshi wa cherehani ya pili, anacheka hadi uzi unamkatikia. "Na mimi namwambia mteja fundi kasafiri, huku namkanyaga fundi vidole huko chini ya meza!"

Mwaka jana wawili hao waliketi wakaulizana swali ambalo fundi hujiuliza mara chache: kwa wiki moja, bila uongo, tunamaliza nguo ngapi? Wakajipima. Jibu likawa magauni ishirini. Wakapigilia misumari ishirini, msumari mmoja gauni moja au sare tatu. Ukuta ukijaa, hawapokei kazi.

"Wengi hupanga wanachokitaka," anasema fundi. "Sisi tulianza na tunachokiweza. Ndipo tukajiwekea shabaha: kabla mwaka huu haujaisha, tupate shule moja. Moja tu. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote."

Haikuwa lelemama. Miezi ya mwanzo mapato yalishuka karibu theluthi, na majirani wakamcheka: fundi gani anafukuza wateja? Lakini waliopata nguo zao kwa siku waliyoahidiwa walirudi, tena na mashoga zao.

Mwezi uliopita akaenda kuomba kazi shuleni. Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe naye alikuwa majeruhi wa Mama Kesho: gauni lake la sherehe lilikamilika sherehe ikiwa imepita, akaishia kulivaa jikoni. Hata hivyo alimpa jaribio la sare sitini. "Ijumaa saa nane," alisema. "Saa nane na robo, sikujui."

Ijumaa hiyo mkokoteni unaingia getini saa saba na nusu. Mwalimu mkuu anavaa miwani. Anageuza shati ndani nje, anavuta vifungo, anakagua pindo la sketi, anachukua nyingine. Msaidizi amefumba macho. Fundi amesimama wima.

"Mwakani," anasema mwalimu mkuu, "shule nzima."

Msaidizi anapiga kigelegele mpaka madarasani wanachungulia. Fundi anajifuta macho kwa ncha ya kanga, wala haoni haya.

Kisha mwalimu mkuu anafungua kabati, anatoa kitambaa cha kijani. "Hiki kimelala hapa miaka mitatu, naogopa kukuletea. Nishonee. Nakitaka Jumatano."

Msaidizi anamfinya fundi kiunoni: kubali, mama, kubali! Fundi anausukuma mkono huo.

"Jumatano sitaweza, mwalimu. Nina watu mbele yako. Ijumaa."

Mwalimu mkuu anamkazia macho, kisha anaangua kicheko. "Ungesema Jumatano, ningeanza kuogopa."

Njiani kurudi, wakisukuma mkokoteni mtupu, fundi anaeleza shabaha inayofuata: cherehani ya tatu kabla ya katikati ya mwaka, na mama mmoja wa mtaani wa kuikalia. Na baada ya hapo?

"Nataka fundi akisema Ijumaa," anasema, "mtu aende nyumbani akapake viatu rangi, asiwe na shaka na nguo."